Kitabu cha katuni huanzia kwenye mkunjo wa karatasi

Chukua karatasi sita za A4, zipange moja juu ya nyingine, kisha zikunje katikati kwa pamoja. Umepata kijitabu cha kurasa 24 za ukubwa wa A5. Ziandike namba kwa penseli, kuanzia 1 mbele hadi 24 nyuma, halafu zitenganishe karatasi zako tena. Ile ya nje kabisa utaikuta imebeba ukurasa wa 1 na wa 24 upande mmoja, wa 2 na wa 23 upande wa pili. Ya katikati ina 11, 12, 13 na 14. Kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi, ukizijumlisha, daima ni 25.

Wengi wanaotaka kutoa kitabu cha katuni kwa nguvu zao wenyewe huanza na mhusika, nguo zake na nguvu zake za ajabu. Wanachora hadi hadithi iishe, na hadithi inaishia ukurasa wa 21. Wakifika kwa mpiga chapa ndipo wanapoambiwa kwamba kitabu cha kukunja na kupigwa pini hakina kurasa 21. Kina 20 au 24, kwa sababu kila karatasi inayokunjwa huzaa kurasa nne. Zile tatu zilizobaki watazilipia zikiwa tupu, au watazijaza usiku huo huo kwa michoro ya haraka, na msomaji ataona.

Maoni yangu ni kwamba mkunjo huo ndio unaopaswa kujulikana kwanza, kabla hata ya jina la mhusika. Ukishaujua, maswali mengi yanayoonekana hayahusiani (hadithi iwe na urefu gani, rangi iwekwe wapi, uchape nakala ngapi) yanakuwa swali moja.

Kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Mpiga chapa ni mwenye mashine: unamlipa, anachapa, habari yake imeisha. Mchapishaji ni yule anayetoa mtaji na kubeba hasara vitabu visipouzika. Katika katuni huru, mchapishaji ni wewe mwenyewe, mwandishi au mchoraji.

Kurasa 24 ni fupi kuliko unavyodhani

Tuseme unachora wastani wa fremu tano, yaani visanduku vitano vya picha, kwa ukurasa. Kurasa 24 zinakupa fremu 120. Ukitoa ukurasa mmoja wa picha kubwa na mwingine wa majina na utangulizi, unabaki na takriban 110. Sasa kumbuka kwamba fremu moja hubeba tendo moja. Mswada unaosema "Juma anaamka, anavaa viatu, anatoka nje" umeshakula fremu tatu, na bado hakuna lililotokea. Mchoraji hawezi kuchora mtu anayeamka na kutoka nje kwa wakati mmoja, na akijaribu, atachora Juma wawili.

Kwa hiyo kitabu cha kurasa 24 ni hadithi fupi: mgogoro mmoja, sehemu tatu au nne, wahusika ambao msomaji anaweza kuwatofautisha kwa kivuli tu. Miswada mingi ya kwanza ni riwaya iliyolazimishwa kuingia humo. Waandishi waliozoea tamthilia za redio hupata shida zaidi, maana redioni mtu huweza kuzungumza dakika mbili bila kusogea.

Kisha kuna kugeuza ukurasa. Kwenye kijitabu chako cha penseli, ukurasa wa 1 uko kulia, na kurasa zote za witiri ziko kulia. Msomaji akifungua 6 na 7, jicho lake linaona zote mbili kwa pamoja kabla hajasoma neno. Ukiweka siri yako kwenye ukurasa wa 7, ameshaiona. Siri inakaa ukurasa wa shufwa, ule ambao hauonekani mpaka mkono ugeuze, na ukurasa wa witiri uliotangulia unabeba swali. Mswada unaojua hilo huandikwa hivi:

Ukurasa wa 7, fremu ya mwisho. Usiku. Mwajuma amefungua mlango wa stoo, ameshika tochi ya simu. Tunaona uso wake tu, mwanga unampiga kwa chini. Hatuoni anachokiona. Mwajuma: "Baba?"

Ukurasa wa 8, fremu moja ukurasa mzima. Stoo imejaa saa za ukutani, mamia, zote zinaonyesha saa tisa kasoro dakika kumi. Hakuna maneno.

Ukigeuza mpangilio huo kwa ukurasa mmoja tu, tukio zima linakufa. Hapo ndipo matangazo huleta balaa. Unamaliza kitabu, anatokea mfadhili mwenye duka la vifaa vya simu, anataka ukurasa mmoja katikati. Unafurahi, unauchomeka baada ya ukurasa wa 5, na kila kilichofuata kinasogea. Stoo ya saa inaangukia kulia. Dawa yake ni kuuza matangazo kwenye jalada pekee. Jalada ni karatasi yake ya pembeni yenye nyuso nne, na tatu kati ya hizo hazina hadithi. La sivyo, uza kurasa mbili mbili.

Ukipeleka kazi kwenye mashine ya ofseti, ile inayochapa nakala nyingi kwa pleti za chuma, mkunjo unakuwa mkubwa zaidi. Karatasi ya A2 iliyochapwa pande zote mbili hutoa kurasa 16 za A5. Vitabu vya kurasa 16, 32 na 48 vinaingia bila mabaki, ila 24 ni karatasi moja na nusu. Mpiga chapa hodari ana mbinu za kuipanga nusu hiyo, lakini muulize mapema, kwa sababu wakati mwingine 32 huzidi 24 kwa bei ndogo tu, na kurasa nane za ziada zingeweza kuokoa mwisho wa hadithi ulioubana.

Herufi, rangi na faili

Wachoraji wengi hufanya kazi kwenye karatasi ya A3 kwa sababu mkono una nafasi. A3 ikishushwa hadi A5, kila urefu unabaki nusu. Herufi ya milimita nne inakuwa ya milimita mbili, na mstari mwembamba uliokupendeza mezani unapotea. Kabla ya kumaliza kitabu kizima, toa ukurasa mmoja kwa ukubwa wake halisi kwenye printa ya steshenari yoyote, umpe mtu wa makamo ausome bila miwani.

Kuna kanuni ya zamani ya wahariri wa Marekani: maneno yasizidi 35 kwa fremu, na 210 kwa ukurasa wa fremu sita. Usiinakili. Vitabu vyao ni vikubwa kuliko A5, na kitenzi chetu kimoja, mfano "hawatanisumbua", hubeba kile wanachokisema kwa maneno matano. Hesabu herufi. Kiputo chembamba cha maneno hakiwezi kumeza kitenzi cha herufi kumi na nne bila kukikata, na programu nyingi za kompyuta hazijui silabi zetu, hivyo hukata popote. Kata mwenyewe penye silabi: hawata-nisumbua.

Viputo vichorwe kwa penseli kabla ya picha. Anayeanza kusema akae kushoto, kwa kuwa tunasoma kutoka kushoto. Mchoraji akimweka kulia, mikia ya viputo itapishana katikati ya fremu na msomaji atasoma jibu kabla ya swali. Kosa hili ni la kawaida kiasi kwamba naliona karibu katika kila kitabu cha kwanza, na halina uhusiano wowote na kipaji cha kuchora.

Kuhusu faili, mambo ni machache ila hayasamehi. Picha za rangi ziwe na nukta 300 kwa inchi, michoro ya wino mweusi mtupu iwe 600 au zaidi. Picha inayogusa ukingo ivuke ukingo huo kwa milimita tatu, kwa sababu kisu cha kukatia hakiangukii mahali pale pale kila mara. Vivyo hivyo, maneno yakae mbali na ukingo walau milimita tano. Maandishi meusi yatumie wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa mchanganyiko wa wino zote nne za uchapaji wa rangi, pleti zikipishana kidogo tu kila herufi itaota kivuli cha bluu au chekundu. Na ile bluu inayong'aa kwenye simu usiitarajie kwenye karatasi. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, wino hauna huo, kwa hiyo faili igeuzwe kuwa ya rangi nne za uchapaji na wewe uione ilivyofifia kabla mpiga chapa hajakuonyesha.

Rangi ndiyo inayopandisha gharama, na hapa mkunjo unaweza kukuokoa. Rudi kwenye karatasi ya katikati yenye 11, 12, 13 na 14. Ukichapa karatasi hiyo moja kwa rangi na tano zilizobaki kwa wino mweusi, umepata kurasa nne za rangi zinazofuatana. Basi iandike ndoto, moto au safari ya kuzimu iangukie humo. Msomaji atadhani ni uamuzi wa kisanii, na utakuwa uamuzi wa kisanii kweli.

Wala weusi na weupe si umaskini. Teenage Mutant Ninja Turtles, katuni ya Marekani iliyotolewa mwaka 1984 na Kevin Eastman na Peter Laird, ilikuwa na wino mweusi tu ndani. Walichapa nakala zipatazo 3,000 kwa fedha walizorudishiwa kwenye kodi pamoja na mkopo kutoka kwa mjomba wa Eastman. Kinshasa, kuanzia takriban mwaka 1990, Papa Mfumu'eto alikuwa anaandika, anachora, anachapisha na kusambaza mwenyewe vijitabu vyembamba vya Kilingala kwenye karatasi ya bei ya chini. Hadithi yake ya nyoka aliyemmeza mwanamke ilikimbia mjini pamoja na uvumi ulioizaa.

Nani mwenye mhusika

Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman kwa dola 130. Kila anayefundisha katuni hukitaja kisa hicho, na mara nyingi hukitaja kama ujinga wa vijana. Sikubaliani. Walikuwa wamezunguka na mhusika huyo kwa miaka na kukataliwa, na mkataba wa kuuza kila kitu ndio ulikuwa desturi ya biashara ile. Kilichowaponza ni desturi, na desturi kama hiyo ipo pia kwetu.

Kenya, kwa mfano, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine. Maana yake ni hii: mwandishi akimlipa mchoraji achore kitabu bila mkataba, mchoraji anaweza kushtuka siku moja kwamba sura aliyoibuni si yake. Na mchoraji anayefanya katuni za mradi, zile za malaria, maji safi au uchaguzi ambazo zimelisha wachoraji wengi wa Afrika Mashariki, anaweza kumwacha mhusika wake ofisini mradi unapofungwa. Mstari mmoja kwenye makubaliano unatosha kubadili hilo, mradi uandikwe kabla ya malipo ya kwanza.

Katika kitabu cha watu wawili, ugumu unatokana na namna mswada ulivyoandikwa. Mwandishi akieleza kila fremu kama nilivyofanya kwa Mwajuma, mchango wake unaonekana. Lakini kuna njia nyingine, iliyoenea kwenye kampuni ya katuni ya Marvel miaka ya 1960, ambapo mwandishi hutoa kisa kwa ufupi, mchoraji anakipanga kwenye kurasa, na maneno yanaongezwa baadaye. Ni njia ya haraka na hutoa picha zenye uhai, maana anayechora ndiye anayeamua mwendo. Ila ndiyo iliyozaa magomvi ya miongo mingi kuhusu nani aliwabuni akina nani, kwani mchoraji alikuwa anaandika hadithi bila kuitwa mwandishi. Mkifanya kazi hivyo, andikeni majina yenu kama watunzi wawili, na mgawane nusu kwa nusu au mseme kwa nini sivyo. Maneno ya "tutaelewana tu" yanatosha kitabu kikiwa hakijauzika.

Haki yenyewe haisubiri cheti. Tanzania na Kenya, hakimiliki huanza kazi inapotungwa na kuwekwa kwenye karatasi au faili, na hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kujiandikisha kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kunarahisisha ushahidi, si kwamba ndiko kunakoleta haki. Kwa Tanzania kuna jambo jingine la kuangalia: jarida linalotoka kwa vipindi linaangukia kwenye masharti ya leseni ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, wakati kitabu chenye ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) kina njia yake. Uliza kabla hujaandika "kila mwezi" kwenye jalada.

Bei ya nakala moja ni mtego

Nitatumia tarakimu za mfano tu, bei hubadilika. Tuseme ofseti inataka shilingi 400,000 za pleti na kuandaa mashine, kisha 900 kwa kila nakala. Mashine ya dijitali, isiyotumia pleti, haina gharama ya kuandaa, ila kila nakala ni 2,500. Tofauti kwa nakala ni 1,600, kwa hiyo ofseti inaanza kuwa nafuu ukivuka nakala 250.

Mpiga chapa atakuonyesha zaidi ya hapo. Ukichapa 1,000, jumla ni 1,300,000, yaani nakala moja kwa 1,300 tu! Nani angekataa? Sasa tuseme umeuza 200. Kila nakala iliyouzwa imekugharimu 6,500, na 800 zimelala chini ya kitanda zikingoja mvua. Kuchapa zile 200 kwa dijitali kungekula 500,000. Kinachohesabika ni gharama ya nakala iliyouzwa. Ukichukua oda za awali na malipo kwa lipa namba kabla ya kwenda mashineni, utajua walau unasimamia upande gani wa ile 250.

Halafu muuzaji. Duka la vitabu huchukua sehemu nzito ya bei ya jalada, na kwetu mara nyingi huchukua kwa mali kauli: unaacha nakala, unalipwa zikiuzwa, zisipouzwa unarudishiwa zikiwa zimekunjika pembe. Hasara yote ni yako. Marekani nako vitabu vya katuni viliuzwa hivyo kwenye vibanda vya magazeti, mpaka mwaka 1973 msambazaji Phil Seuling alipoanza kuwauzia wenye maduka ya katuni kwa utaratibu tofauti: unapata punguzo kubwa, ila hurudishi. Hatari ikahamia dukani, na mchapishaji mdogo akaweza kuchapa kiasi kilichoagizwa tu. Bila utaratibu huo, kitabu cha nakala 3,000 cha Eastman na Laird kisingepata pa kusimama.

Sisi hatuna mtandao wa maduka kama hayo. Jarida la katuni la Sani la Tanzania, lenye wahusika kama Ndumilakuwili na Lodilofa, liliishi kwenye meza za magazeti, na meza hizo zimepungua. Shujaaz, katuni ya Kenya iliyoanza 2010, ilichukua njia ya kugawa bure kupitia gazeti na vibanda vya M-Pesa, gharama zikibebwa na wafadhili. Ni njia nzuri ya kuwafikia vijana wengi, ila mtu mmoja mwenye nakala 300 hawezi kuiiga. Kwake yeye zimebaki meza za maonyesho, shule, wateja wa kutumiwa kwa basi na simu.

Simu nayo ina masharti yake. Hadithi za kuteremka kwa kidole, mtindo uliokua Korea Kusini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hazina ukurasa wa kugeuza. Mshangao huko hutengenezwa kwa nafasi tupu ndefu kabla ya picha. Ukichora hivyo kisha ukataka kukata vipande upate kitabu cha A5, utachora upya nusu yake. Chagua moja iwe ya kwanza. Anayetaka zote mbili na achore fremu zenye upana mmoja, zinazoweza kupangwa tatu tatu kwenye ukurasa, akubali kwamba kitabu chake hakitakuwa na picha zinazotanda kurasa mbili.

Mwisho, ile namba kwenye jalada. "Toleo la 1" ni deni kwa msomaji, na toleo la pili kwa kawaida huuza pungufu ya la kwanza, kwa sababu wanaolinunua ni sehemu tu ya walionunua la kwanza. Kama fedha ulizonazo zinatosha kitabu kimoja, andika hadithi inayoisha kwenye ukurasa wa 24 na uache jalada bila namba. Kikichapwa tena mwakani hakuna atakayeuliza kilichotangulia.